Imani ya Kuazima: Somo Kutoka kwa Mama wa Shunemu

Maandiko: 2 Wafalme 4:8–37 na 2 Wafalme 8:1–6. Tafadhali soma yote mawili kabla ya kuendelea, na usisome kwa haraka.

Somo hili nililifundisha katika darasa la akina mama, Jumatano mbili mfululizo, na pasta akaniomba niliandike ili hata wale waliokuwa kazini walipate. Nimejaribu kuliandika vile tu nilivyolisema. Nanyi wazee na vijana wa kiume, msigeuze ukurasa. Mna mama, mna dada, mna mabinti.

Siku ile nilianza kwa kuwauliza akina mama, ni wanawake gani wa Biblia mnaowasikia wakitajwa tunapohubiriwa? Majibu yalikuja mbio. Hawa aliyekula tunda. Delila aliyemnyoa Samsoni (hakumnyoa yeye, alimwita mtu akamnyoa, lakini tuendelee). Mke wa Lutu. Yezebeli, huyo alitajwa mara tatu. Halafu upande ule mwingine: Sara mtiifu, Mariamu mama wa Yesu, na yule mwanamke wa Mithali 31 ambaye taa yake haizimiki na halali. Nikaandika ubaoni, wabaya kushoto, wazuri kulia. Mama mmoja wa umri mkubwa akaangalia ule ubao, akacheka, akasema, "Sasa mwalimu, sisi tuko wapi hapo?"

Nilikuwa na somo lingine nimetayarisha. Nililiweka kando.

Kwa maana ukiangalia vizuri, yale majina yamekuwa kama nguo zilizoshonwa tayari. Hatumpimi mtu, tunamvalisha tu. Msichana akipaka rangi ya midomo, ni Yezebeli. Mama akiuliza hesabu ya pesa za ujenzi, ni Yezebeli. Mjane akikataa kupangiwa maisha na watu wa boma, huyo naye ni Yezebeli. Hata mimi nimeitwa hivyo, nitaeleza. Na yule anayenyamaza, anayepika, anayesema Amina, tunamvalisha Mithali 31 siku ya Sikukuu ya Mama, tunampigia makofi, na Jumatatu hakuna anayemuuliza Mungu amemwambia nini.

Hebu kwanza tumalizane na Yezebeli. Ukisoma 1 Wafalme 18, dhambi yake ni kuwaua manabii wa Bwana. Ukisoma 1 Wafalme 21, ni shamba. Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu, urithi wa baba zake, na Ahabu akalitamani. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mumewe, akapiga mhuri wa mumewe, akapanga mashahidi wa uongo, na mwenye shamba akapigwa mawe. Macho aliyapaka wanja katika 2 Wafalme 9, siku ya kufa kwake, na Biblia haisemi hiyo ndiyo dhambi yake. Kwa hiyo mpendwa, ukitaka kujua ni nani ana roho hiyo kijijini kwenu, usiangalie midomo ya mtu. Angalia ni nani anapanga mashahidi wa uongo ili achukue shamba la mtu. Mara nyingi utakuta huyo ana ndevu.

Na Mithali 31. Mistari ile 22 ya mwisho, kuanzia wa 10, katika Kiebrania kila mmoja unaanza na herufi yake, kwa mpangilio, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Sura yenyewe inaanza kwa kusema haya ni maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Yaani ni mama aliyekuwa akimfundisha mwana wa kiume. Ile sifa anayopewa yule mwanamke, ya uhodari, kwa Kiebrania ni neno hayil, neno la nguvu na la jeshi. Ndilo lililomo katika salamu ya malaika kwa Gideoni, Waamuzi 6:12. Sasa fungua Ruthu 3:11. Boazi anamwambia Ruthu ya kwamba mji wote unamjua kuwa mwanamke wa namna hiyo hiyo, kwa neno hilo hilo. Na Ruthu wakati ule alikuwa na nini? Mume hana, mtoto hana, shamba hana, ni mgeni kutoka Moabu, anaokota masazo ya mavuno ya wengine. Hakuna mume wa kukaa langoni akamsifu. Basi kumbe ile sifa haikutoka kwa mume.

Hapo ndipo nikawapeleka Shunemu.

Huyu mama hatajwi jina. Biblia inasema tu alikuwa mkuu, mtu mzito pale kijijini, mwenye mali. Elisha alikuwa akipita njia ile, na huyu mama akamshurutisha aingie ale. Angalia sasa mstari wa 9. Ni nani aliyetambua ya kwamba huyu mpita njia ni mtu mtakatifu wa Mungu? Si mume. Si mzee wa kijiji. Ni huyu mama, na anamwambia mume wake, kwa heshima kabisa, natambua jambo hili, na tumjengee chumba kidogo juu, tumwekee kitanda na meza na kiti na taa. Mume akakubali, chumba kikajengwa. Sioni dharau yoyote pale. Naona mwanamke ambaye macho yake ya kiroho yanafanya kazi.

Elisha akataka kumlipa. Akamuuliza kama anataka aombewe neno kwa mfalme au kwa mkuu wa jeshi. Wengi wetu hapo tungekuwa na orodha! Yeye akajibu kwa ufupi kwamba anaishi kati ya watu wake. Yaani asante, nina kwetu. Hakumkaribisha nabii nyumbani ili apate njia ya kufika ikulu.

Mtoto anazaliwa, anakua, siku moja shambani wakati wa mavuno anaanza kulia kichwa, kichwa. Baba anamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake. Anakaa magotini pa mama mpaka adhuhuri, anakufa. Akina mama waliowahi kukaa hospitalini usiku na mtoto mwenye joto wanaelewa huo mstari wa 20 bila mahubiri.

Anampandisha juu, anamlaza katika kitanda cha nabii, anafunga mlango. Anamwomba mumewe mtumishi na punda. Mume anauliza, kwa nini uende leo? Si mwezi mpya, si sabato. Sikiza hilo swali. Kwa yule mzee, kumtafuta Mungu kulikuwa na kalenda. Kwa mama huyu hakukuwa na kalenda siku hiyo. Alijibu neno moja tu la Kiebrania, shalom, akatandika punda. Mpaka mlima Karmeli ni zaidi ya kilomita 20.

Hapa naomba niache Shunemu kidogo niseme yangu.

Mume wangu alikuwa shemasi, mtu mwema, sina neno baya juu yake. Yeye ndiye aliyeomba asubuhi. Yeye ndiye aliyeomba kabla ya chakula. Yeye ndiye aliyeamua tunafunga lini na tunafungua lini. Mimi nilisema Amina. Miaka 16 nilisema Amina, na nilidhani huo ndio wokovu. Alipofariki mwaka wa 2011, wiki ya tatu, wageni wameshaenda kwao na masufuria ya kuazima yamerudishwa, nilipiga magoti kando ya kitanda nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sikujua nianzie wapi. Nikaanza kusema yale maombi yake, maana niliyajua kwa moyo, neno kwa neno, mpaka nikafika pale alipozoea kusema "na umbariki mke wangu." Nikanyamaza. Nikalala hivyo hivyo.

Kumbe nilikuwa nimeazima imani. Sikuwa nimepewa hata kipande kwa jina langu.

Na unajua nilifanya nini? Ungefikiri nilimtafuta Mungu. Nilitafuta mtu mwingine wa kuniombea. Nikapata mtumishi mmoja, katika mji wa mbali na kwetu, na sitaongeza zaidi ya hapo. Nilikuwa nampigia simu kabla ya kila jambo. Niuze ng'ombe? Mtoto ahamishwe shule? Niende kliniki au ningoje? Na kila jibu lilikuwa na mbegu yake, unatuma kwanza ndipo anaomba. Pesa ya maziwa yote ya mwezi ilikuwa inaishia huko, na kwa kweli nilijisikia salama. Hilo ndilo jambo la kuogopesha.

Halafu shemeji mmoja akaanza kusogeza mpaka wa shamba. Polepole, mistari miwili ya mahindi, halafu mitano. Nikampigia mtumishi. Akaniambia tatizo liko ndani yangu, ni roho ya Yezebeli inayoshindana na wanaume wa boma, nifunge siku saba na nisithubutu kwenda kwa chifu. Nilifunga. Siku ya nane nilitoka nje asubuhi nikakuta mahindi ya shemeji yamepandwa mpaka karibu na ukuta wa jiko langu.

Turudi Karmeli.

Elisha anamwona kwa mbali, anamtuma Gehazi amuulize kama wako salama. Yule mama anamjibu Gehazi kama alivyomjibu mume, shalom, na anampita. Hakuanza kumweleza Gehazi habari zake. Gehazi alikuwa mtumishi wa nabii, sawa, lakini si kila mtu aliye karibu na madhabahu anastahili kusikia kilio chako. Anafika, anashika miguu ya Elisha. Gehazi anakuja kumsukuma. Mnajua hao watu, wa kusukuma akina mama kwa jina la utaratibu. Elisha anasema amwache, nafsi yake ina uchungu, na Bwana amenificha jambo hili.

Nilikaa kwenye mstari huo wa 27 karibu mwezi mzima. Nabii wa kweli, aliyepokea vazi la Eliya, anakiri kwamba hajui. Mama ndiye aliyekuja na habari. Si kila kitu kinachokuhusu Mungu atakipitisha kwa mtumishi kwanza. Na mtumishi wa kweli haoni aibu kusema hivyo. Ukipata mtumishi ambaye tangu umjue hajawahi kusema "sijui, mama, Bwana hajanionyesha," kaa chonjo.

Elisha anampa Gehazi fimbo akaiweke usoni pa mtoto. Mama anakataa kuondoka na fimbo. Anaapa kwa Bwana aliye hai na kwa uhai wa Elisha mwenyewe ya kwamba hatamwacha. Sasa weka kidole hapo kwenye mstari wa 30, ugeuze nyuma kidogo mpaka 2 Wafalme 2, mstari wa 2, wa 4 na wa 6. Hayo ndiyo maneno Elisha aliyomwambia Eliya mara tatu, siku Eliya alipochukuliwa. Ni kiapo cha mwanafunzi kwa mwalimu wake. Huyu mama, ambaye hana jina, ambaye hakusoma shule ya manabii, anamrudishia nabii kiapo chake mwenyewe! Elisha akainuka akamfuata. Soma vizuri, Biblia inasema alimfuata mama.

Na fimbo? Gehazi alitangulia akaiweka, hakukuwa na sauti wala kusikia. Sisemi neno juu ya mafuta na vitambaa tunavyouziwa. Nimesema tu habari ya fimbo.

Mtoto alifufuka, tunajua, utukufu kwa Mungu. Lakini wengi tunafungia hapo hadithi. Tunasahau sura ya 8, na sura ya 8 ndiyo iliyonitoa mimi nyumbani.

Elisha anamwonya mama kuna njaa ya miaka saba inakuja, aende akae anakoweza kukaa. Angalia, hakumwambia aende wapi. Alimpa neno, na mama akachagua mwenyewe, akaenda nchi ya Wafilisti na nyumba yake. Mume hatajwi tena katika sura hii. Labda alikuwa ameshakufa, maana alikuwa mzee, lakini andiko halisemi. Miaka saba inaisha, anarudi, anakuta nyumba na shamba viko mikononi mwa wengine. Anafanya nini? Anaenda kwa mfalme kulilia nyumba yake na shamba lake. Mwenyewe, kwa miguu yake. Yule mama ambaye zamani aliambiwa atasemewa kwa mfalme akakataa, sasa anajisemea. Na siku hiyo hiyo Gehazi yuko pale anamsimulia mfalme habari za yule mtoto aliyefufuliwa. Mfalme anamuuliza mama mwenyewe, mama anaeleza, mfalme anatoa afisa mmoja: arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka. Hata mazao!

Sasa chukua ramani nyuma ya Biblia yako kama inayo. Shunemu na Yezreeli ziko katika bonde moja, zinatazamana. Katika bonde hilo hilo mwanamke mmoja aliandika barua za uongo akachukua shamba la Nabothi, na mwanamke mwingine akalilia shamba lake waziwazi mbele ya mfalme akarudishiwa. Niliposoma hivyo nikajiuliza, je, mimi naenda kwa chifu kama nani kati ya hawa wawili? Nina mashahidi wa uongo? Sina. Nataka cha mtu? Sitaki. Basi jina nililopewa si langu. Nikalivua.

Nilienda kwa chifu, nikapata barua. Nikaenda kortini kufungua faili ya mirathi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema, na akina mama wajane naomba mlisikie: Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, hata kama ni ndugu wa damu. Na Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Ilichukua miaka mitatu na nauli nyingi. Sehemu kubwa ilirudi. Kuna kipande upande wa mto hakikurudi, na shemeji ananisalimia siku zingine na siku zingine hanisalimii. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa kama sura ya 8. Mazao sikulipwa.

Lakini zile asubuhi za kungoja matatu ya kwanza, saa kumi na moja, giza bado, ndipo nilipojifunza kuomba. Maneno machache, mabaya, hayana hata mpangilio. Yalikuwa yangu.

Najua kuna atakayesema mwalimu anafundisha akina mama kuasi. La. Waefeso 5 naijua, na nilimheshimu mume wangu mpaka alipolala. Lakini hata Sara tunayemsifu kwa utii, soma Mwanzo 21:12, Mungu alimwambia Ibrahimu asikilize sauti yake. Na sisi Wapentekoste hatuna haki ya kushangaa mwanamke akisikia kutoka kwa Mungu moja kwa moja. Petro alihubiri habari za wana na binti kutabiri siku ile ile kanisa lilipozaliwa. Filipo mwinjilisti alikuwa na mabinti wanne waliotabiri, Matendo 21:9. Na moto ulipowaka Los Angeles mwaka wa 1906, pale mtaa wa Azusa, miongoni mwa waliowekea watu mikono alikuwa Lucy Farrow, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani huko Virginia. Alivuka bahari akaja mpaka Liberia kuhubiri. Sijui ni nguo gani kati ya zile za ubaoni ingemtosha.

Mume ni zawadi. Pasta ni zawadi, na mimi nampenda wangu. Lakini 1 Timotheo 2:5 inahesabu wapatanishi kati ya Mungu na wanadamu, na hesabu inafika mmoja tu.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii, jadilini: ni nani katika boma lenu huomba kwa sauti, na ni nani hajawahi kusikika? Baba akisafiri, maombi ya jioni hufanywa au huahirishwa? Na kuna dada yeyote hapa kanisani tuliyempa jina ambalo hatujawahi kumwuliza kama ni lake?

Jumatano ya pili, baada ya somo, nilisema sitafunga kwa maombi mimi, atafunga mtu ambaye hajawahi kuomba mbele ya watu. Tulingoja sana. Kisha yule mama mzee aliyeuliza swali la ubaoni akasimama, akashika kiti cha mbele, akaomba kwa lugha ya kwao. Hakufika dakika moja. Aliombea goti lake, akaombea mbuzi wake mmoja aliyepotea, akamshukuru Mungu kwa mvua, akaketi.

Jumatano ijayo ni 1 Samweli 25, Abigaili. Njoo na Biblia ya karatasi, maana stima hupotea.